Je, Mboga za Jikoni ni Salama kwa Mbwa Wako?

Leo ningependa tumzungumzie mmoja wa jamaa ya nyumbani ambaye hatumtengei kiti tunapoketi kula, lakini ambaye hutazamia mabaki yetu kila usiku. Namzungumzia mbwa.

Hebu fikiria jioni ya kawaida katika mitaa yetu. Ukipita Laini Saba au Gatwekera kule Kibera mwendo wa saa moja na nusu usiku, au ukikata vichochoro vya Gatina na Congo kule Kawangware, harufu inayokupokea ni moja. Ni ya kitunguu kinachokaangwa. Jiko la makaa liko mlangoni, sufuria imetiwa mafuta, kitunguu kimeanza kubadilika rangi, na sukuma wiki aliyoikata mama mboga inangoja zamu yake. Baada ya nusu saa ugali umeiva, watu wamekula na watoto wamelala. Ukoko wa ugali na mchuzi uliosalia humwagwa kwenye karai kuukuu nje ya mlango. Mlinzi wetu hula, akaramba karai hadi ling'ae, kisha akaanza kazi yake ya usiku.

Wengi wetu hatununui chakula cha mbwa cha dukani, na si haki kumlaumu mtu kwa hilo. Mbwa wa Kibera na Kawangware hula tunachokula sisi. Ndiposa swali hili likawa la maana: je, mboga tunazopika kila siku zinamfaa mbwa, au zinamdhuru polepole bila sisi kujua?

Jibu kwa ufupi ni hili. Mboga zenyewe, nyingi katika hizo, hazina neno. Sukuma wiki, kabeji, karoti, malenge na nyanya mbivu hazitamuua mbwa wako. Hatari iko mahali ambapo hatupatazami. Iko kwenye kitunguu tulichokaangia mboga, kwenye unga wa mahindi yaliyoshika ukungu, na kwenye vitu vigumu kama gunzi la mahindi tunavyovitupa ovyo. Tutayachukua moja baada ya jingine.

MBWA SI SIMBA

Kabla ya hayo, tuondoe dhana moja. Kuna wanaoamini kwamba mbwa ni mla nyama mtupu kama simba, na kwamba anayemlisha ugali na mboga anamdhulumu. Hiyo si kweli. Paka ndiye mla nyama hasa. Mbwa ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, na mwili wake umejifunza kula jikoni kwetu.

Mwaka wa 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Uswidi, pamoja na wenzao, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kulinganisha urithi wa mbwa na ule wa mbwa mwitu wa nchi za baridi, ambao ndio asili yake. Waligundua kwamba mbwa wa nyumbani ana nakala nyingi zaidi za jeni inayouwezesha mwili kusaga wanga. Yaani, kwa lugha ya jikoni, mbwa anaweza kuumeng'enya ugali vizuri, jambo ambalo babu yake wa porini hakuliweza kwa kiwango hicho.

Hata hivyo, kuweza kula ugali si sawa na kushiba lishe. Mbwa anayekula ugali na mchuzi wa sukuma peke yake mwaka mzima atakuwa na tumbo lililojaa na mwili uliokonda. Anahitaji protini. Kijiko kikubwa cha omena zilizochemshwa, matumbo yaliyopikwa vizuri au yai la kuchemsha, mara kadhaa kwa wiki, humfanya awe mbwa mwingine. Matumbo yasiwe mabichi. Kuna minyoo aina ya tegu ambayo mbwa huipata kwa kula viungo vibichi vya mifugo, kisha mayai yake yakamfikia mtoto anayecheza naye na kumtia uvimbe wa maji mwilini. Huku kumchemshia mbwa ni kumkinga mtoto wako pia.

KITUNGUU NDICHO ADUI

Sasa tuingie katika kiini cha mambo. Kitunguu maji, kitunguu saumu, vitunguu vya majani na jamaa zao wote wana kemikali ambazo mwili wa binadamu huzistahimili bila taabu, lakini ambazo kwa mbwa hushambulia chembe nyekundu za damu. Chembe hizo ndizo zinazobeba hewa safi kuipeleka mwilini. Zikiharibiwa huvunjika kabla ya wakati wake, na zikivunjika kwa kasi kuliko mwili unavyoweza kutengeneza nyingine, mbwa huishiwa na damu akiwa amesimama wima, bila jeraha hata moja.

Wengi hudhani kwamba kukipika kitunguu huondoa ukali huo. La hasha. Ukikikaanga, ukikichemsha, ukikikausha au ukikisaga kikawa unga, madhara yake kwa mbwa ni yale yale. Kitunguu saumu, ingawa hutumiwa kidogo, kina nguvu zaidi kuliko kitunguu maji kwa uzito ule ule. Hata viungo vya pakiti tunavyonyunyizia mchuzi vinapasa kutazamwa, kwani vingi vina chumvi nyingi na baadhi yavyo vina unga wa kitunguu. Soma maandishi ya pakiti kabla ya kumwagia mbwa mchuzi huo. Na ikiwa una paka, jua kwamba yeye hudhurika kwa urahisi zaidi kuliko mbwa.

Kiasi gani ni hatari? Vitabu vya udaktari wa mifugo hutaja gramu 15 hadi 30 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wa mbwa kuwa kiwango kilichowahi kuharibu damu kwa dhahiri. Aidha, huonya kwamba mlo mmoja wenye kitunguu kinachozidi nusu ya asilimia moja ya uzito wa mbwa ni wa kuhofiwa. Mbwa wetu wa kienyeji mwenye kilo 15 hufikia mpaka huo wa chini kwa gramu 75 tu. Hicho ni kitunguu kimoja, wala si kikubwa.

Pengine utasema, "Lakini mimi simpi kitunguu kizima, namtupia mabaki tu." Hapa ndipo penye siri ya mitaa yetu. Mbwa wa Lavington ana bwana mmoja na sahani moja. Mbwa wa ploti kule Kawangware ana milango kumi. Mama wa chumba cha kwanza humpa ukoko na mchuzi, kijana wa chumba cha tatu humtupia mabaki ya kachumbari, wa chumba cha saba humwaga maharagwe yaliyochacha. Kila mmoja anafikiri ametoa kidogo. Tuseme kila mlango umetoa gramu kumi za kitunguu katika mabaki yake. Milango kumi ni gramu 100, na zote zimeingia katika tumbo moja kwa usiku mmoja.

Kesho yake ni hivyo hivyo, na kesho kutwa pia. Wahenga walinena kwamba bandu bandu huisha gogo. Kitunguu kidogo kila siku, siku baada ya siku, huweza kumletea mbwa upungufu wa damu sawa na kitunguu kingi cha mara moja.

Katika yote, kachumbari ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu karibu nusu yake ni kitunguu kibichi. Mutura pia usiusahau, maana wapishi wengi huusheheneza vitunguu na pilipili. Mbwa hatajali. Atameza, aombe kingine.

SI KILA KIFO NI SUMU YA JIRANI

Dalili za kitunguu hazitokei papo hapo. Huweza kuchukua siku moja hadi siku tano au zaidi. Mbwa huanza kulegea na kukataa chakula. Hupumua kwa haraka ingawa hajakimbia. Ukimfunua mdomo, ufizi uliokuwa wa waridi umepauka, au umeingia rangi ya manjano. Mkojo hugeuka rangi ukawa mwekundu au wa kahawia kama chai ya rangi iliyokolea. Wengine hutapika na kuhara.

Kwa kuwa siku zimepita, hakuna anayekumbuka ule mlo wa Jumapili wenye kachumbari. Kinachokumbukwa ni ule ugomvi wa Jumanne na jirani aliyelalamikia kelele za mbwa usiku. Mbwa akifa Ijumaa, mtaa mzima husema amewekewa sumu. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi huanza kupitana kama hawajuani, na watoto wao hukatazwa kucheza pamoja. Si kwamba hakuna watu wanaowatilia mbwa sumu. Wapo, na ni ukatili mkubwa. Lakini kabla ya kumnyooshea mtu kidole, chungulia kwanza karai la mbwa wako.

Kuna jambo jingine la kutilia maanani. Ufizi uliopauka na mkojo mwekundu ni dalili pia za homa ya kupe, ugonjwa ulioenea sana kwa mbwa wa Nairobi. Kupe humwingizia mbwa vijidudu ambavyo navyo huvunja chembe nyekundu za damu. Kwa macho tu, wewe na mimi hatuwezi kutofautisha. Daktari wa mifugo hutazama tone la damu kwa hadubini akajua. Hivyo basi, ukiona dalili hizo, usikae ukibahatisha. Mwambie daktari mambo mawili: kama umemwona mbwa na kupe, na amekula nini kwa siku saba zilizopita.

MBOGA MOJA MOJA

Sasa tuzipitie mboga zetu kama tunavyozipanga juu ya meza ya mama mboga.

Sukuma wiki ni salama kwa kiasi. Ikichemshwa na kukatwakatwa, mbwa huila bila shida. Akila nyingi atajaa gesi na pengine kuhara. Kabeji nayo ni hivyo hivyo. Ioshe vyema kwanza. Baadhi ya mboga zinazouzwa mjini hukuzwa kando ya mito michafu na mitaro, na nyingine hunyunyiziwa dawa za wadudu. Kinachopaswa kuoshwa kabla ya kumpa mtoto kioshwe pia kabla ya kumpa mbwa. Wale wa Kibera wanaokuza sukuma kwenye magunia mlangoni, mtindo ulioenea tangu mwaka wa 2008 mashirika ya misaada yalipoanza kuuhimiza, angalau wanajua mboga yao imenyweshwa maji gani.

Spinachi na mchicha, au terere kama tunavyouita Nairobi, zina chumvi ya asili iitwayo oksaleti, ambayo ikizidi husumbua figo. Kidogo hakina neno. Zichemshe na umwage maji yake.

Managu ni mboga nzuri kwa binadamu ikipikwa vilivyo, lakini matunda yake mabichi ya kijani yana sumu. Kwa mbwa, heri uiache. Ziko nyingine za kutosha.

Nyanya mbivu haimdhuru. Nyanya za kijani, majani yake na vikonyo vyake ndivyo vibaya. Basi ile takataka ya nyanya mbichi zilizotupwa nyuma ya kibanda mbwa asiizoee.

Viazi vilivyomenywa na kuchemshwa ni chakula kizuri. Lakini kiazi kilichogeuka kijani kwa kupigwa na jua, na yale macho yanayochipuka, yana sumu iitwayo solanini. Kuchemsha hakuiondoi. Jambo hili lina uzito kwetu kwa sababu vibanda vya chipsi hujaza ndoo nzima za maganda ya viazi, na wafugaji huyachukua bure. Chagua. Ganda lenye rangi ya kijani litupe kabisa, usimpe mbwa wala mbuzi.

Karoti ni rafiki wa mbwa, iwe mbichi au ya kupikwa. Ikate vipande vidogo ili isimkwame kooni. Malenge yaliyochemshwa ni bora pia, na humsaidia mbwa anayepata choo kwa shida. Viazi vitamu vilivyopikwa, minji, mishiri, tango na pilipili hoho tamu havina ubaya. Ile pilipili kali muachie mwenye nayo. Biringani si sumu lakini huwasumbua baadhi ya mbwa. Bitiruti ni salama, ila usishtuke mkojo ukiwa na wekundu kidogo siku ya pili.

Maharagwe yaliyochemshwa hadi yakalainika ni chanzo cha protini kwa mwenye mfuko mwembamba. Yasipoiva sawasawa yana sumu inayomfanya mbwa atapike, na binadamu pia. Githeri isiyotiwa kitunguu wala chumvi nyingi humfaa, ingawa utaziona punje za mahindi zikitoka upande wa pili jinsi zilivyoingia.

Muhogo usimpe ukiwa mbichi, kwani muhogo mbichi hutoa sumu ya sianidi, hasa ule mchungu. Umenye, uchemshe, umwage maji. Nduma mbichi nazo huchoma mdomo na koo kama sindano. Zikiiva hakuna taabu.

Na maparachichi, au avokado kama wengi wetu tunavyosema? Mbwa huvumilia nyama yake kuliko ndege na mbuzi, lakini mafuta yake mengi humharibu tumbo. Kubwa zaidi ni ile kokwa. Inateleza, inamezeka, kisha inakwama. Ukitaka kuwa na amani, muepushie.

UNGA WENYE UKUNGU

Tukiacha mboga, tuje kwenye ugali wenyewe, maana hapa pana msiba mkubwa kuliko wa kitunguu.

Mahindi yakihifadhiwa yakiwa na unyevu hushikwa na kuvu inayotengeneza sumu ya aflatoksini. Sumu hii huharibu ini. Haina harufu ya kuaminika, na moto wa jikoni hauiondoi. Wataalamu waliigundua baada ya batamzinga wapatao 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka wa 1960 kwa kula chakula kilichochanganywa na njugu zenye kuvu. Kwetu Kenya, mwaka wa 1977 mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret kwa sababu ya chakula kilichohifadhiwa vibaya kikashika kuvu. Kisha mwaka wa 2004 ikaja zamu ya binadamu. Katika sehemu za Mashariki, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 miongoni mwao wakafariki kwa kula mahindi yenye sumu hiyo hiyo.

Wala usidhani kwamba chakula cha dukani kimeepuka. Mwishoni mwa mwaka wa 2020 nchini Marekani, chakula cha mbwa cha kiwanda kimoja kilipatikana na aflatoksini kupita kiasi. Kufikia Januari 2021, mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ilikuwa imepokea habari za vifo vya mbwa zaidi ya 110.

Sasa tazama mazoea yetu. Unga ukivunda, ukashika uchungu na rangi ya kijani pembeni, tunasema, "Watoto wasile huu, mpikieni mbwa." Mahindi yaliyooza hutengwa kando, yakasagwa kuwa unga wa mbwa na kuku. Tunafanya hivyo kwa nia njema ya kutoharibu chakula. Lakini mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi kwa aflatoksini, na yeye hali ugali leo na wali kesho kama sisi. Hula unga ule ule kila siku hadi mfuko uishe. Huanza kukataa chakula, akatapika, macho na ufizi vikageuka manjano, tumbo likajaa maji, kisha akaenda.

Kuku naye akila mahindi hayo hudhoofika, na ng'ombe akilishwa, sumu hutokea katika maziwa anayokunywa mtoto wako. Kwa hivyo kanuni ni moja tu: unga usiofaa kuliwa na watu haufai kuliwa na mbwa. Umwage. Ukinunua mahindi ya kusaga kwenye kinu cha posho, yakague kwanza, uzitoe punje zilizobadilika rangi au kunyauka. Unga uuweke juu ya ubao au kigoda mahali pakavu, usiugusishe na sakafu wala ukuta wa udongo unaonyonya maji ya mvua.

MAGUNZI, KOKWA NA MIFUPA

Kila jioni barabara za Kawangware huwa na moshi wa mahindi ya kuchoma. Mtu akimaliza kutafuna hulitupa gunzi, na mbwa hulifuata kwa sababu limebaki na chumvi, ndimu na pilipili. Gunzi halimeng'enywi. Akilivunja na kumeza vipande vikubwa, huingia utumbo mwembamba vikaziba kama kizibo. Mbwa wa namna hiyo hutapika kila anachokula, hata maji, tumbo likauma na asipate choo. Hapo dawa ya kunywa haisaidii. Huhitaji kupasuliwa, na gharama ya upasuaji ni pesa ambazo familia nyingi hazina. Mfundishe mwanao kutia gunzi kwenye takataka badala ya kulirusha njiani.

Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hupasuka ikawa na ncha kali zinazoweza kutoboa utumbo. Heri kuizika.

UFANYE NINI BASI?

Sikuombi, msomaji mpenzi, uanze kupika vyungu viwili katika chumba cha futi kumi kwa kumi. Nakuomba jambo moja dogo lisilogharimu hata ndururu. Toa fungu la mbwa kabla ya kutia kitunguu.

Unapochemsha viazi, teka viwili vya mbwa kabla ya kuunga. Unapokata sukuma, weka konzi moja kando uitokose kwa maji matupu. Ugali ukiiva, ukoko ni wake, lakini usiuloweke kwenye mchuzi wa kitunguu. Uloweke kwa maji uliyochemshia omena au mifupa, bila chumvi. Mboga zisizidi sana. Sehemu moja kati ya kumi ya chakula chake yatosha, na kinachobakia kiwe wanga pamoja na protini.

Kama mnaishi katika ploti, zungumzeni. Mkubaliane nani atamlisha mbwa na wakati gani, na wengine wasitupe mabaki ovyo. Wanafunzi mlio likizoni, hii ni kazi yenu. Andikeni kwenye karatasi vitu visivyofaa, yaani kitunguu cha kila aina, unga wenye ukungu, viazi vya kijani, gunzi, kokwa na mifupa ya kuku. Muibandike kwenye lango, ikae mahali pa kusomwa na wote.

Mbwa akila kitunguu kingi leo, usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike, maana chumvi nyingi nayo ni sumu. Maziwa pia hayaondoi sumu, ingawa wengi huyaamini. Mpeleke kwa daktari mapema, ukiwa na kipimo cha alichokula na saa aliyokula. Hospitali ya wanyama katika Kitivo cha Udaktari wa Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi iko Upper Kabete, si mbali na Kawangware. Kwa wa Kibera, shirika la kulinda wanyama la KSPCA liko Karen. Ofisi za mifugo za serikali pia zipo kwa ajili yako.

Jambo la mwisho, na hili ni la uhai wa watu. Mbwa anayetokwa na udenda, asiyeweza kumeza, aliyebadilika tabia ghafla akawa mkali au mpole kupita kawaida, usidhani amekwamwa na mfupa ukamtia mkono mdomoni. Huenda ni kichaa cha mbwa. Kaa mbali naye, waepushe watoto, utoe taarifa. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha ukimbilie hospitali siku hiyo hiyo. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na ugonjwa huo ifikapo mwaka wa 2030, na lengo hilo litafikiwa tu ikiwa kila mwenye mbwa atamchanja kila mwaka.

Mbwa hawezi kusoma maandishi ya pakiti wala kuuliza kilichotiwa sufuriani. Hula kwa kutuamini. Jioni ya leo, kabla kitunguu hakijaingia kwenye mafuta, mkumbuke.